Kasha la Bolívar la mwaka 2019: ninunue nilitunze miaka kumi?

Shikamoo mzee,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mtaa wa Ngamiani, na kwa miaka mingi sasa naishi Dubai nikifanya kazi ya mitambo ya viyoyozi. Pombe sinywi. Anasa yangu ni siga moja ya Cuba kila mwisho wa mwezi, nje, baada ya chakula cha usiku. Mara nyingi huwa Montecristo No. 4, na mara chache Partagás Serie D No. 4.

Kazini kuna mwenzetu Mlebanoni anayehamia Canada na anauza vitu vyake. Ana makasha mawili ya Bolívar Belicosos Finos, kila moja la siga 25. Moja halijafunguliwa, karatasi ya serikali bado imegandishwa. La pili alilifungua na zimepungua siga mbili. Chini ya makasha yote mawili kuna herufi tatu, kisha NOV 19. Bei anayotaka inakaribia ile ya kasha jipya dukani. Ananiambia nichukue yote mawili kwa sababu siga hizi zinakuwa tamu zaidi zikikaa, na eti baada ya miaka kumi bei itakuwa maradufu, hivyo nikiuza moja nitakuwa nimevuta la pili bure.

Siga hii niliwahi kuivuta mara moja, mbichi kutoka dukani. Mwanzo ilinikaba koo kabisa. Ilipofika katikati ikatulia, ikawa na ladha kama ya kahawa na udongo uliolowa mvua, nikajuta kuimaliza. Tangu siku hiyo imenikaa kichwani.

Mpango wangu ni kurudi nyumbani moja kwa moja baada ya miaka miwili hivi. Tunajenga Pongwe. Ninaota nikiwa mzee barazani kwangu, nafungua kasha lililokaa miaka. Mke wangu hapingi, lakini anasema fedha ya makasha mawili ingemalizia milango ya nyumba, na anauliza kama joto la Tanga halitayaharibu.

Nisaidie mzee. Nitajuaje kama ni za kweli? Je, siga hii inastahili kununuliwa na kutunzwa, au nimependa tu wazo? Na Tanga zitapona?

Ni mimi,
Mwana wa Ngamiani, Dubai

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu langu ni hili, na sababu zitafuata: nunua kasha moja, lile lililofunguliwa, na ulinunue baada ya kuvuta siga moja iliyotoka ndani yake. Lile lililofungwa mwachie. Najua wengi wangekushauri kinyume, wakisema karatasi ambayo haijachanwa ndiyo dhamana. Lakini karatasi hiyo haikuambii siga zimeishi vipi tangu zitoke Havana, nawe hutaruhusiwa kuzinusa wala kuzibonyeza kabla ya kulipa. Kasha lililofunguliwa utalikagua kwa macho, kwa pua, kwa vidole na kwa ulimi, na bei yake inafaa ishuke kwa sababu limepungua.

Sasa tuizungumze siga yenyewe, maana umechagua vizuri kuliko unavyodhani. Belicosos Finos ina urefu wa milimita 140 na unene namba 52, yaani kipenyo cha karibu milimita 21, na kichwa chake kimechongoka. Si toleo maalumu. Imo kwenye orodha ya kawaida ya Bolívar, jina lililotokana na Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika Kusini, na kwa wavutaji Bolívar ni miongoni mwa siga kali kabisa za Cuba. Mimi nikitafuta cha kutunza huanzia hapo hapo, kwenye siga kali za kila siku: Bolívar, Partagás, Ramón Allones. Matoleo maalumu ya Edición Limitada, yaliyoanza kutoka mwaka 2000 yakiwa na pete (ukanda wa karatasi unaozunguka siga) ya pili nyeusi na dhahabu, yanapendeza machoni na bei yake inapendeza muuzaji. Lakini siga ya kawaida iliyokwisha kutunzwa na watu wengi kwa miaka mingi unajua itaelekea wapi. Toleo la mwaka mmoja unalibahatisha.

Kwa nini siga kali? Wasomaji wetu wa Tabora na Urambo wanaijua tumbaku inayokaushwa kwa joto la moto ndani ya mabani kwa siku chache, ikabaki na sukari yake. Ya Cuba hufuata njia nyingine. Jani la Vuelta Abajo, huko Pinar del Río magharibi mwa kisiwa, kutoka mashamba ya San Luis na San Juan y Martínez, huning'inizwa kwenye mabanda likakauka kwa hewa tupu kwa takriban siku 50. Kisha hufungwa, hurundikwa, na rundo hupata joto lake lenyewe na kuchachuka. Humo amonia hutoka na ukali hupungua. Baada ya hapo majani bado huwekwa ghalani. Jani la volado, la chini ya mmea, hukaa miezi kama tisa. Seco, la katikati, hukaa mwaka au mwaka na nusu. Ligero, la juu linalopigwa na jua na kubeba mafuta mengi, hukaa angalau miaka miwili. Ligero ndilo linaloipa Bolívar nguvu, na ndilo linalochelewa kutulia. Mchakato ule hauishi siku siga inapofungwa na kuwekwa pete. Unaendelea ndani ya kasha polepole sana, na hiyo ndiyo kazi ya miaka tunayoizungumzia.

Kwa hiyo miaka hupunguza: amonia, ule ukakasi unaokausha ulimi, na nguvu ya nikotini. Vikipungua hivyo, utamu uliokuwa umefunikwa unasikika. Miaka haileti ladha ambayo haikuwemo. Embe lililochumwa changa mno hata ulivundike namna gani litanyauka tu, halitaiva, na siga iliyoanza ikiwa tupu nayo itazeeka ikiwa tupu. Siga laini, kama nyingi za Hoyo de Monterrey, nazo zina umri wake, ila hufika kileleni mapema, na ukizisubiri mno unabakiwa na harufu ya mbao za kasha.

Ndiyo maana ile siga iliyokukaba koo ni ushahidi mzuri kuliko maneno yote ya mwenzako. Umesema mwanzo ilikuwa kali, katikati ikatulia, ikatoa kahawa na udongo. Hiyo ni sura ya siga yenye kitu ndani, yenye ujana tu wa kuisha. Ungeniambia haikukukaba lakini haikuwa na ladha, ningekuambia usihangaike.

Kuna kitu kimoja ambacho umri hauwezi kukiponya kabisa, nacho ni majani kufungwa vibaya wakati siga inatengenezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dunia ilizitamani siga za Cuba kupita kiasi, viwanda vikaongeza idadi haraka, na makasha mengi ya wakati ule yakatoka na siga zilizoziba. Baadaye viwanda vikaweka mashine za kupima mvuto, yaani jinsi hewa inavyopita ndani ya siga, na hali ikawa bora. Lakini zile zilizoziba miaka ile zimeziba mpaka leo, hata ziwe na majani matamu kiasi gani. Belicosos, kwa kuwa kichwa chake kimechongoka, inahitaji uangalifu zaidi: mikono isiyo na ustadi husukuma majani mengi kwenye ncha. Ukiikata, anza na kipande kidogo, vuta hewa bila kuwasha, kisha ongeza kidogo kama mvuto ni mzito. Wengi hukata pakubwa mara moja, kichwa kikafumuka.

Tuje kwenye ukweli wa kasha. Chini lazima uone maneno yaliyochomwa kwenye mbao: Habanos s.a. (kampuni inayouza siga za Cuba duniani), Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Yawe yamechomwa, yakiwa ya wino tu, ondoka. Zile herufi tatu ni alama ya siri ya kiwanda na hupigwa mhuri pamoja na mwezi na mwaka, kwa hiyo NOV 19 ni Novemba 2019, mwezi zilipowekwa kwenye kasha. Karatasi ya dhamana, yenye rangi ya kijani na nembo ya Cuba, kwa makasha ya miaka hiyo ina hologramu na msimbo wa mistari wenye namba. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos S.A. Kwenye kasha lililofunguliwa karatasi huwa imechanwa, lakini namba huwa bado inasomeka. Ndani, angalia rangi. Wafungashaji wa Havana huwa na mtu ambaye kazi yake ni kupanga siga kwa rangi ya jani la nje, zikafuatana kwa tofauti ndogo sana. Kasha lenye siga za rangi tatu zisizohusiana, pete zilizokaa juu chini, na vichwa visivyolingana ni la kughushi hata karatasi iwe nzuri namna gani. Muulize pia kama ana risiti ya duka. Mtu anayenunua makasha ya bei hiyo dukani mara nyingi huitunza.

Lakini swali litakalokupa picha kamili ni hili: Julai na Agosti akisafiri likizo, kiyoyozi cha nyumba alikiacha kikifanya kazi? Wewe ni mtu wa mitambo, unajua nyumba iliyofungwa Dubai inafika joto gani. Fukusi wa tumbaku, yule mdudu mdogo wa kahawia, hutaga mayai yasiyoonekana kwa macho, na joto likipanda kupita nyuzi 24 hivi na kubaki hapo, mayai huanguliwa na funza hutoboa siga kutoka ndani. Toa kila siga, iangalie pande zote. Tundu moja dogo la mviringo, kama limetobolewa na sindano nene, pamoja na unga kwenye sakafu ya kasha, linatosha kuvunja biashara. Bonyeza kila moja taratibu kwa vidole viwili kutoka kichwani hadi mguuni, yaani ule mwisho unaowashwa. Iwe inakubali kidogo na kurudi. Ikiwa inalia kama jani kavu, alizikausha, na mafuta yaliyopotea hayarudi hata uzirudishie unyevu. Kisha nusa miguu ya siga zote kwa pamoja. Baada ya miaka yote hiyo amonia inatakiwa iwe imekwisha, na ibaki harufu ya mwerezi, ngozi, majani makavu.

Yakipita hayo, mlipe siga moja, uivute kwako ukiwa umetulia na umekula. Usiivute ofisini kwake mkiwa mnaongea bei. Sikiliza theluthi ya kwanza, maana ndiyo iliyokukaba. Ikiwa imelainika na ile kahawa imesogea mbele, kasha limetunzwa vizuri na bado lina safari. Ikiwa ni tamu lakini nyembamba, fupi mdomoni, limefika au limepita. Nunua kama unataka kuvuta mwaka huu, usinunue kutunza. Ikiwa bado inakaba vilevile, si vibaya, bora utamu uwepo nyuma yake.

Kuhusu bei kuwa maradufu. Ni kweli siga za Cuba zimepanda sana. Mwaka 2022 Habanos S.A. ilipandisha bei za Cohiba na Trinidad duniani kote ikizilinganisha na za Hong Kong, na majina mengine yakafuata kupanda. Septemba mwaka huohuo kimbunga Ian kilipita Pinar del Río na kubomoa mabanda mengi ya kukaushia tumbaku. Kwa hiyo mwenzako hasemi uongo kuhusu bei kupanda. Lakini Belicosos Finos ni siga ya orodha ya kawaida, na mnunuzi wa siga kongwe, hasa wa minada ya London, hulipa vizuri kwa kasha ambalo historia ya utunzaji wake inajulikana. Kasha lililotoka kwa Mlebanoni wa Dubai, likakaa Pongwe, halina historia ya kumwonyesha mtu. Na mnunuzi wa Marekani usimtegemee: vikwazo vya nchi yake dhidi ya Cuba vya mwaka 1962 bado vipo, na tangu 2020 hata msafiri haruhusiwi kuziingiza kwa matumizi yake. Kasha lile lililofungwa, basi, si akiba. Ni milango ya nyumba iliyogeuzwa majani, na mkeo yuko sahihi kabisa.

Kwa kasha lililofunguliwa, mwambie bei ya siga 23 ianzie kwenye bei ya duka aliyonunulia yeye, kisha umwongezee kidogo kwa miaka aliyotunza. Kumbuka tu kwamba Emarati wanatoza ushuru wa asilimia 100 kwa tumbaku tangu 2017, kwa hiyo bei ya duka ya Dubai si kipimo kizuri cha thamani ya siga duniani.

Sasa Tanga. Pwani ina joto la siga kuoza na unyevu wa ukungu, vyote pamoja, na umeme hukatika. Sanduku la mwerezi juu ya kabati halitoshi, hata liwe zuri vipi, kwa sababu mbao hazipunguzi joto. Kwa kutunza miaka unahitaji nyuzi 16 hadi 18 na unyevu wa asilimia 62 hadi 65. Ile asilimia 70 inayotajwa kila mahali, kwa maoni yangu, ni ya juu mno kwa kutunza muda mrefu, na pwani ni mwaliko wa ukungu. Nunua friji ndogo ya mvinyo, weka kasha ndani likiwa limefungwa kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na pakiti za unyevu za asilimia 62 na kipima unyevu kidogo. Boksi hilo ndilo litakalookoa siga friji ikikauka au umeme ukikatika nusu siku. Friji ikizima siku mbili Februari, basi zihamishie chumba chenye ubaridi kuliko vingine zikiwa ndani ya boksi, na usilifungue hovyo. Ukiona unga mweupe juu ya siga, wapo watakaokuambia ni dalili ya ukongwe mzuri. Uchukulie kuwa ni ukungu. Ukiwa juu ya jani la nje tu, ufute kwa kitambaa kikavu na ushushe unyevu. Ukiwa umeingia mguuni, tupa.

Kabla ya kuziingiza kwenye friji hiyo, zigandishe mara moja hata kama huoni tundu. Zifunge kwenye mifuko miwili, zikae saa 24 kwenye friji ya kawaida, siku tatu kwenye friza ya nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri, zirudi friji ya kawaida saa 24, ndipo zitoke. Ukiharakisha hatua hizo jani la nje hupasuka. Habanos S.A. nao hugandisha kabla ya kusafirisha, lakini hujui zilipopita baada ya hapo.

Safari ya kurudi nyumbani ipangie mapema. Msafiri anayeingia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa tumbaku isiyozidi gramu 250 bila ushuru, na kasha zima la siga nene namna hii linaweza kuzidi hapo. Miaka miwili kabla ya kuhama inakutosha kuvuta baadhi. Kilichobaki kipime, na kikizidi kitangaze forodhani. Zibebe mkononi ndani ya ndege, kwa sababu hujui mizigo ya tumbo la ndege itasimama juani kwa muda gani.

Mwanangu, siwezi kukujibu kuhusu siga nikanyamaza kuhusu afya. Usiyemeza moshi bado unauweka mdomoni na kooni, na saratani ya mdomo na koo ipo kwa wavuta siga. Moja kwa mwezi ni kidogo. Isiongezeke kwa sababu friji imejaa. Na vuta nje kama unavyofanya, watoto wakiwa mbali.

Ukishalipata kasha, usilifungie mpaka siku ya uzee. Vuta moja kila baada ya miezi sita, katika hali ileile, baada ya chakula kilekile, na uandike mistari michache kuhusu theluthi ya kwanza na nusu ya pili. Ukianza kuona nusu ya pili inafanana na ya mwanzo, ile kahawa haisogei tena na mdomo unabaki na mbao tu, acha kusubiri. Zilizobaki zivute mwaka huohuo, iwe ni mwaka wa saba au wa tisa, hata kama baraza la Pongwe bado halijapigwa sakafu.